Istilahi za Saratani ya Titi: Neno Moja Lisibebe Mizigo Mitatu

Kazi ya istilahi ni kutenganisha. Katika mazungumzo ya kila siku neno moja laweza kutumika kwa mambo mengi pasipo madhara, maana wanaozungumza wako ana kwa ana, na asiyeelewa huuliza. Maandishi ya kitaalamu hayana nafasi hiyo. Msomaji wa kijitabu cha afya hana wa kumwuliza. Alichokisoma ndicho atakachokwenda nacho nyumbani, na aghalabu ndicho atakachokitenda. Katika makala haya tunakusudia kuyapima maneno yanayotumika nchini Tanzania katika maandishi ya umma kuhusu saratani ya titi, yaani vijitabu, mabango, masomo ya wahudumu wa afya na tafsiri za miongozo ya kigeni. Hoja yetu ni moja. Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kuueleza ugonjwa huu. Kasoro iliyopo ni ya mgawanyo wa kazi: maneno machache yametwishwa dhana nyingi, na mengine yaliyo tayari yameachwa bila kazi.

Jambo lenyewe si dogo. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya titi, na watu wapatao 670,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Mpango ambao Shirika hilo liliuanzisha mwaka 2021 una shabaha tatu: angalau asilimia 60 ya saratani hizo zigunduliwe zikiwa katika hatua ya kwanza au ya pili, utambuzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa alipofika kituoni mara ya kwanza, na angalau asilimia 80 ya wagonjwa wayamalize matibabu yao. Kila moja ya shabaha hizo inategemea mgonjwa aelewe alichoambiwa. Hapa nchini wagonjwa walio wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwisha kuendelea sana. Sababu zake ni nyingi: umbali, fedha, hofu, upungufu wa vifaa na wataalamu. Hatudai kwamba istilahi itayaondoa hayo. Tunachodai ni kwamba lugha ni sehemu ya tatizo ambayo wafasiri, walimu na watumishi wa umma wanaweza kuirekebisha pasipo kungoja mashine iletwe.

Jina la ugonjwa na jina la kiungo

Tuanze na ubishi usio na haja. Wako wanaoshikilia kuwa "saratani" ndilo neno halisi na "kansa" ni ukoloni wa lugha. Na wako wanaosema "saratani" ni Kiarabu kisichofahamika. Ukweli ni kwamba "saratani" katika Kiarabu ni kaa, na ndilo jina la burji ya nne katika elimu ya falaki. Wayunani na Warumi nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la mnyama huyo huyo, na "kansa" ni neno la Kilatini lililotufikia kwa njia ya Kiingereza. Kwa hiyo wabishi hao wanagombania kaa mmoja. Neno "saratani" limekwisha kukaa katika sheria, katika majina ya taasisi na katika vitabu, liendelee kutumika. Lakini kijitabu cha umma hakitapungukiwa kitu kikieleza mara moja, mwanzoni, kwamba saratani ndiyo inayoitwa pia kansa.

Ubishi wenye haja ni wa jina la kiungo. Kwa sababu ya haya, baadhi ya waandishi huandika "saratani ya kifua" wakikusudia titi. Haya ni jambo jema katika maongezi, lakini hapa inapoteza njia. "Kifua" katika Kiswahili ni sehemu yote ya mbele ya kiwiliwili iliyo kati ya shingo na tumbo. Tena mtu akisema "nina kifua" watu huelewa kuwa anakohoa, na "kifua kikuu" ni ugonjwa mwingine kabisa wenye dawa zake na kliniki yake. Mwanamke aliyefundishwa kwa neno hilo atangoja kikohozi. "Ziwa" nalo ni neno la heshima, hasa pwani, lakini wingi wake, "maziwa", unaleta utata mwingine, kwani "saratani ya maziwa" yaweza kudhaniwa kuwa inatokana na kinywaji. "Titi" na "matiti" ni maneno ya Kiswahili fasaha, si matusi, nayo hayana maana ya pili ya kumpotosha msomaji. Mwalimu asiyeweza kuyatamka mbele ya darasa hataweza kulifundisha somo hili.

Uvimbe na donge

Neno "uvimbe" linabeba mizigo mitatu kwa pamoja. Mguu uliojaa maji una uvimbe. Kitu kigumu kinachogusika ndani ya titi ni uvimbe. Na chembe za mwili zilizozidi kiasi, ziwe za saratani au zisiwe, nazo ni uvimbe. Basi tukiandika, "Ukiona uvimbe nenda hospitali," tumesema nini? Neno lenyewe humfanya msomaji atarajie titi lililofura, lionekanalo kwa macho, tena lenye maumivu, kwa sababu ndivyo uvimbe wa jipu au wa jeraha ulivyo. Kumbe dalili iliyo ya kawaida zaidi ni kitu kidogo kisichoonekana bali kinachoguswa, na mara nyingi hakiumi.

Tunapendekeza "donge" litumike kwa kile ambacho mkono unakigusa, na "uvimbe" libaki kwa hali ya kufura. Donge ni neno linalojulikana, nalo lina taswira ya kitu kilichojikusanya pamoja. Tukisema, "Donge jipya katika titi au kwapani, hata kama haliumi," tumemwelekeza msomaji atumie vidole vyake. Kwa tezi zilizofura kwapani au kinenani lugha ina neno lake la zamani, "mtoki", ambalo vitabu vipya vimelisahau. Na ni wajibu kuongeza kwamba madonge mengi ya titi si saratani, ili mtu aende kupimwa kwa matumaini. Na kwamba saratani nyingine huja pasipo donge: ngozi kukunjamana au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani, au kutoka majimaji yenye damu.

Hatari, sababu na uwezekano

Hapa ndipo tafsiri nyingi zinapoanguka. Katika miongozo ya kigeni kuna dhana tatu zinazokwenda bega kwa bega: kinachosababisha ugonjwa, kinachoongeza uwezekano wa kuupata, na kiasi cha uwezekano wenyewe. Tafsiri zetu huzikusanya zote chini ya neno "hatari". Hatari katika Kiswahili ni wito wa kukimbia. Huandikwa kwenye nguzo za umeme. Mwanamke akiambiwa yuko hatarini kwa kuwa ana umri wa miaka 50, hawezi kuukimbia umri wake. Atachoka kuogopa, na aliyechoka kuogopa haji kupimwa.

Isitoshe, neno hilo hugeuka kuwa lawama. Ni kweli kwamba kunyonyesha hupunguza uwezekano wa kupata saratani ya titi, na kwamba pombe huuongeza. Lakini ni kweli vile vile kwamba karibu nusu ya saratani hizi huwapata wanawake wasio na jambo lo lote linalojulikana la kuongeza uwezekano isipokuwa jinsia yao na umri wao. Wanaume nao huupata ugonjwa huu, ingawa ni asilimia 0.5 hadi 1 tu ya wagonjwa wote. Msomaji anayefahamu hatari kuwa ndiyo sababu atauliza, "Nilikosa nini?", na majirani watamjibu kabla ya daktari.

Neno "kurithi" nalo lahitaji uangalifu. Tangu jeni za BRCA1 na BRCA2 zilipotambuliwa mwaka 1994 na 1995, imekuwa desturi kuandika kwamba saratani ya titi ni ugonjwa wa kurithi. Kinachorithiwa ni jeni yenye hitilafu, nayo huongeza sana uwezekano. Ugonjwa wenyewe haurithiwi kama shamba. Tena wagonjwa wanaoupata kwa njia hiyo ni wachache, wapatao asilimia 5 hadi 10. Asiye na mgonjwa katika ukoo wake akisoma kwamba ugonjwa ni wa kurithi, atakifunga kijitabu akidhani hakimhusu.

Kwa hiyo tunashauri "sababu" litumike pale tu ambapo chanzo kimethibitishwa. Kiasi kiitwe "uwezekano". Kwa dhana iliyo kati ya hizo mbili, wataalamu wengine hutumia "kihatarishi". Watumishi wa serikali wamelizoea neno hilo katika usimamizi wa vihatarishi, ambako hutaja baya lenyewe linaloweza kutokea. Katika tiba linatakiwa kutaja jambo linaloongeza uwezekano wa baya hilo. Hizo ni maana mbili. Katika vitabu vya wataalamu neno hilo laweza kuvumiliwa likiwa na fasili, katika kijitabu cha umma yafaa kusema wazi, "jambo linaloongeza uwezekano."

Hata "uwezekano" halitoshi peke yake; sharti lifuatwe na jibu la swali, uwezekano wa nini? Makadirio ya mwaka 2022 yanatupa mfano ulio wazi. Katika nchi zenye maendeleo makubwa sana, mwanamke mmoja kati ya 12 atagunduliwa kuwa na saratani ya titi katika maisha yake, na mmoja kati ya 71 atakufa kwayo. Katika nchi zenye maendeleo duni, mmoja kati ya 27 atagunduliwa, lakini mmoja kati ya 48 atakufa. Mfasiri anayeandika kwamba wanawake wa nchi tajiri "wana hatari kubwa zaidi ya saratani ya titi" amesema kweli kuhusu kuupata ugonjwa na amesema uongo kuhusu kufa kwao. Na anayeliacha fungu la maneno "katika maisha yake", akaandika tu "mwanamke mmoja kati ya 12", amewafanya wasomaji wawahesabu wanawake 12 waliokaa barazani na kumtafuta mmoja aliye mgonjwa leo.

Uchunguzi wa nini?

Hakuna neno lililochoshwa kuliko "uchunguzi". Mwanamke anapojipapasa nyumbani ni uchunguzi. Muuguzi anapompima kwa mikono ni uchunguzi. Gari la mamogramu linapowapima wasio na dalili yo yote ni uchunguzi. Daktari anapotoa kipande cha donge kipelekwe maabara ni uchunguzi. Na wataalamu wa chuo kikuu wakifanya utafiti, nao wamefanya uchunguzi. Matokeo yake ni kwamba mwanamke aliyepapaswa na muuguzi zahanati, akaandikiwa aende hospitali ya mkoa "kwa uchunguzi", anaweza kujibu kwa nia njema kabisa kwamba uchunguzi amekwisha fanyiwa. Zile siku 60 huanza kupotea hapo.

Tunapendekeza dhana hizi zitenganishwe kama ifuatavyo. Mtu kujiangalia mwenyewe kuitwe "kujikagua". Mhudumu kupima kwa macho na mikono kuitwe "upimaji wa mikono". Kuwapima watu wasio na dalili, kama vile kwa mamogramu, kuitwe "upimaji wa wasio na dalili". Jina ni refu, lakini lajieleza. Wako waliopendekeza "uchujaji", nasi hatuliafiki, maana hospitalini kuchuja kumekwisha kuwa kuchuja damu ya mgonjwa wa figo. Hatua ya kubainisha ugonjwa iitwe "utambuzi". Neno "uchunguzi" liachiwe maabara na vyuo.

Mtu asidhani kwamba tofauti hizi ni za kinadharia. Katika jaribio lililofanywa Shanghai kwa wanawake zaidi ya 260,000 waliokuwa wafanyakazi wa viwanda vya nguo, ambalo matokeo yake ya mwisho yalitolewa mwaka 2002, waliofundishwa kujikagua kwa utaratibu maalumu hawakufa wachache kuliko wasiofundishwa, ila walifanyiwa upasuaji zaidi kwa madonge yasiyo ya saratani. Tangu hapo miongozo mingi imeacha kuwahimiza wanawake kujikagua kwa tarehe, ikawahimiza wayajue matiti yao yalivyo kawaida na kwenda kituoni upesi waonapo badiliko. Tafsiri inayoyaita mambo hayo mawili "uchunguzi binafsi wa matiti" inalirudisha nyuma shauri ambalo mwongozo wenyewe umelisogeza mbele. Kadhalika, mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri mamogramu kila baada ya miaka 2 kwa wanawake wa miaka 50 hadi 69 katika nchi zenye huduma imara. Shauri hilo ni la wasio na dalili. Mwenye donge, awe na miaka 30 au 80, halimhusu; yeye anahitaji utambuzi, tena mara moja. Bango linalosema "Wenye miaka 50 na zaidi waje kwa uchunguzi wa matiti" linamrudisha nyumbani msichana mwenye donge.

Katika utambuzi kuna usemi wa hospitali ambao umeenea: "kukata kinyama". Maana yake ni kuchukua kipande kidogo cha nyama ya mwili kwa ajili ya maabara. Lakini "kinyama" katika Kiswahili ni pia namna ya kutenda, kama tusemavyo mtu kapigwa kinyama. Mgonjwa anayeambiwa kwamba atakatwa kinyama ana haki ya kushtuka, hasa kwa kuwa kuna imani iliyoenea kwamba saratani ikiguswa na chuma husambaa. Kwa kweli sampuli ya donge la titi mara nyingi huchukuliwa kwa sindano. Basi na isemwe hivyo: "kuchukua sampuli kwa sindano." Sentensi hiyo haikatishi tamaa, nayo ni ya kweli zaidi.

Majibu na hatua

Majibu ya maabara huandikwa "chanya" na "hasi". Maneno hayo yanatoka katika hisabati, nayo yanafaa huko. Kwa msomaji wa kawaida chanya ni jambo jema na hasi ni jambo baya, lakini aliyezoea vipimo vya UKIMWI atayafahamu kinyume. Saratani ya titi inalivuruga jambo hili zaidi. Saratani yenye vipokezi vya homoni huitwa chanya, na kwa mgonjwa huyo kuna dawa za homoni kama tamoksifeni. Isiyo na vipokezi vya homoni wala HER2 huitwa hasi kwa yote matatu, na dawa hizo hazimfai. Mgonjwa aliyeambiwa tu "majibu yako ni chanya" hajui kama apewe pole au hongera. Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyotosha: "ina" na "haina". Saratani hii ina vipokezi vya homoni. Saratani ile haina. Hakuna atakayekosea.

"Hatua" nalo limejaa. Kuenea kwa ugonjwa kuna hatua nne, ukali wa chembe zinapotazamwa kwa hadubini nao huitwa hatua, mizunguko ya dawa huitwa hatua, na bango humalizia kwa "Chukua hatua!" Tunapendekeza "hatua" liwe la kuenea tu, "daraja" la ukali wa chembe, na "mzunguko" la dawa. Hatua ya nne iitwe ya nne. Tusiiite "ya mwisho", kwa kuwa neno hilo ni hukumu, nayo haikutoka kwa daktari bali kwa mfasiri. Mgonjwa wa hatua ya nne ana matibabu yanayoweza kumrefushia maisha na kumpunguzia maumivu.

Tiba

Katika tiba tutataja mambo matatu. La kwanza ni "mionzi", linalotumika kwa picha ya eksirei na kwa tiba yenyewe. Mwanamke aliyepigwa mamogramu aweza kudhani amekwisha "chomwa mionzi". "Picha" na "tibamionzi" yatenganishwe daima.

La pili ni "kukatwa titi". Upasuaji mpana ambao Halsted aliueleza mwaka 1894 kule Baltimore uliondoa titi lote pamoja na misuli ya kifua, na kwa miongo mingi ndio uliokuwa upasuaji wenyewe. Lakini mwaka 2002 majaribio mawili, la Veronesi wa Milano na la Fisher wa Marekani, yalionyesha baada ya miaka 20 kwamba wagonjwa wa hatua za mwanzo walioondolewa sehemu tu ya titi yenye donge na kupewa tibamionzi waliishi sawa na walioondolewa titi lote. Kijitabu kinachosema "tiba yake ni kukatwa titi" kinafundisha utabibu uliopitwa na wakati, na kinampa mwanamke sababu ya kujificha. Ziandikwe namna mbili: "upasuaji wa kuhifadhi titi" na "upasuaji wa kuondoa titi", kisha ielezwe kwamba ya kwanza kwa kawaida huhitaji tibamionzi, ili mgonjwa ajue kwa nini anapelekwa mbali, kama vile Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

La tatu ni "tiba shufaa", yaani huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa. Shufaa kwa Kiswahili ni uombezi, na msikilizaji Mwislamu hukumbuka Siku ya Kiyama. Mwingine hulisikia kama "shifaa", yaani kupona. Hivyo neno moja linamwambia huyu kwamba amekwisha kufa na yule kwamba atapona, nalo halikukusudia lo lote kati ya hayo. Kwa kuwa limekwisha kuingia katika nyaraka za serikali hatusemi lifutwe, tunasema lisitumike peke yake bila fasili: "huduma ya kutuliza maumivu na kumtunza mgonjwa, itolewayo pamoja na matibabu mengine tangu mwanzo."

Wako watakaosema kwamba yote haya ni uchambuzi wa bure, kwa kuwa muuguzi hodari atayaeleza kwa mdomo. Tunamheshimu muuguzi huyo. Lakini naye alisoma kwa vitabu hivi hivi, na foleni iliyo mlangoni kwake haimpi nafasi ya kusahihisha tafsiri ya mtu mwingine. Wengine watasema tuyaache maneno ya Kiingereza kama yalivyo. Jibu letu ni kwamba neno la kigeni lisiloeleweka halina ubora kuliko neno letu lililochoka. Yote mawili humwacha mgonjwa mlangoni.

Mapendekezo haya si amri. Mengine yatakataliwa, na yakikataliwa kwa hoja tutafurahi. Kipimo tunachokiomba kitumike ni hiki: kabla ya kulipitisha neno, mfasiri ajiulize mwanamke atakayelisoma atafanya nini kesho asubuhi. Tunawaomba wafasiri, walimu wa vyuo vya uuguzi na watumishi wa wizara watuletee maneno yanayotumika katika wilaya zao kwa dhana hizi, hasa kwa donge, mtoki na upimaji wa wasio na dalili, ili yajadiliwe na kusanifiwa.